Gundi, boliti au vyote viwili? Kuchagua kiungo cha boti ya faiba kitakachovumilia pigo la ghafla

"Fundi, hii gundi itashika?" Ndilo swali la kwanza la karibu kila mwenye boti anayeingia karakana yangu hapa Goma, kando ya Ziwa Kivu. Nami humrudishia swali: ishike nini? Kama ni mzigo unaoning'inia bila kutikisika, gundi nyingi zitashika. Kama ni gogo linaloelea gizani huku boti ikikimbia kwenda Bukavu, mpangilio wa ubora wa dukani hupinduka, na gundi iliyokuwa ya kwanza yaweza kuwa ya mwisho.

Hilo nimelijua kwa uchungu. Boti moja ya faiba, ambayo mataruma yake (mbavu za ndani) niliyagundisha mimi mwenyewe, ilirudi na mchubuko wa ukubwa wa kiganja kwenye omo, yaani pua ya boti. Mwenye boti alitaka rangi tu. Nikang'oa mbao za sakafu, nikachukua sarafu ya faranga 100 ya Rwanda (faranga zetu huku ni noti tupu, kwa hiyo sarafu ya kugongea hutoka ng'ambo ya mpaka), nikagonga kando ya mataruma, kidole kwa kidole. Ti, ti, ti, kisha ghafla: do, do. Nikapenyeza kisu kikaingia mpaka mpini. Taruma lilikuwa limeachia kwa urefu wa mkono. Sehemu fulani uso wa faiba uling'aa kama kigae cha bafuni, hauna hata unyuzi, na hapo kosa lilikuwa la msasa wangu. Sehemu iliyobaki, gundi yenyewe ilikuwa imepasuka katikati kama kioo. Nje palikuwa na mchubuko tu, ndani boti imefunguka. Na gundi ile niliichagua kwa sababu kopo lake lilikuwa na namba kubwa kuliko makopo yote niliyoyaona siku hiyo sokoni Birere.

Tangu hapo nimeacha kuuliza gundi ipi ina nguvu zaidi. Nauliza ipi itararuka polepole ikipigwa haraka. Ulinganisho huu nimeuandika kwa kipimo hicho.

Namba ya kwenye kopo

Namba ile, kwa kawaida megapaskali (kipimo cha nguvu kwa kila eneo) 20 au 30 kwa gundi nzuri ya epoksi, hutokana na kipimo cha kuvuta: vipande viwili vimepandishwa ncha juu ya ncha, vikagundishwa, mashine ikavivuta kila kimoja upande wake mpaka viachane. Kipimo kinachotumiwa sana cha Marekani, ASTM D1002, huvuta kwa milimita 1.3 kwa dakika. Kwa mwendo huo mashine huchukua zaidi ya nusu saa kusogea upana wa vidole vitatu.

Sasa weka kando yake safari yetu. Kutoka Goma hadi Bukavu kwa ziwa ni takriban kilomita 100, na boti ya kasi huzimaliza kwa saa tatu hivi, yaani karibu mita 10 kwa kila sekunde. Maji yanayokutana na ubao kwa mwendo huo husukuma kwa takriban kilopaskali 50, sawa na tani 5 kwa kila mita mraba. Tumbo la boti likitua bapa juu ya wimbi, kilele cha msukumo chaweza kuzidi hapo, ijapokuwa kwa kufumba na kufumbua. Boti yenye abiria ikiwa na tani 3, kugusa gati kwa mita 1 kwa sekunde kunaleta nishati ya jouli 1,500. Ikikutana na kitu kigumu kwa mita 10 kwa sekunde, ni jouli 150,000. Mwendo umezidi mara 10, nishati imezidi mara 100. Hakuna kopo linalokuambia habari hiyo.

Kwa nini mwendo unabadilisha kila kitu? Gundi ni minyororo mirefu ya molekuli iliyosokotana. Ukiivuta polepole, minyororo hupata nafasi ya kuteleza na kujipanga, gundi ikanyumbuka kabla ya kukatika. Ukiipiga, haipati muda, nayo hutenda kama vile imegandishwa kwa baridi. Tazama lami. Katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kuna faneli ya lami iliyowekwa kwenye onyesho lililoanza 1927, ambayo tone lake la tisa lilianguka 2014. Lami inatiririka kweli, ila kwa subira hiyo. Ipige lami hiyo hiyo kwa nyundo, itavunjika vipande kama chupa. Kwa gundi nyingi, nguvu ya kuvunja hupanda kadiri pigo linavyokuwa la haraka, lakini kunyumbuka hushuka. Anayesoma nguvu peke yake atadhani pigo limeiimarisha gundi yake.

Epoksi ngumu na epoksi iliyotiwa mpira

Haya ndiyo mashindano makubwa, na ndipo pesa nyingi hupotea.

Epoksi ngumu ya kawaida, ile ya mirija miwili, hunyumbuka asilimia chache tu kabla ya kukatika. Mzigo uliotulia inaubeba vizuri sana. Haijongei, haichoki kwa kuning'inizwa, na kiungo kinabaki kigumu. Lakini ufa ukishaanza hauna kitu cha kuuzuia, unakimbia kutoka ncha hii hadi ile. Nilijaribu karakanani: vipande vya faiba vya upana mmoja, nusu kwa epoksi ngumu, nusu kwa iliyotiwa mpira. Nikavitundikia ndoo za mawe ya lava usiku kucha, vyote vikakaa. Kesho yake nikaviangushia chuma cha kilo 5 kutoka urefu wa mita 2, ambacho hufika chini kwa mita 6 na kidogo kwa sekunde. Epoksi ngumu iliachia kwa mlio mmoja mkali, vipande vikaruka. Ile ya mpira ilinguruma, ikafunguka ncha, ikabaki imeshikilia katikati.

Siri yake ni chembe ndogo mno za mpira zilizotawanywa ndani ya epoksi, mbinu iliyoanza kufanyiwa kazi miaka ya 1960. Ufa ukifika kwenye chembe, chembe hupasuka ndani na kuwa kishimo, na epoksi iliyoizunguka hupata nafasi ya kunyumbuka. Nishati ya pigo inaliwa na maelfu ya vishimo hivyo badala ya kuusukuma ufa mbele. Kwenye kipimo cha kuvuta polepole, gundi hii mara nyingi huonyesha namba sawa au hata ndogo kidogo kuliko ile ngumu, ndiyo maana wanunuzi huipita rafuni.

Tahadhari mbili. Gundi nyingi za aina hii zinazotumika viwandani kwenye mabodi ya magari hukaushwa ndani ya tanuri la rangi, karibu nyuzi 180, na huku hatuna tanuri la kuingiza boti. Tafuta ya sehemu mbili inayokauka kwa joto la kawaida. Pili, pigo likiwa la haraka kupita kiasi, mpira wenyewe hukakamaa na faida hupungua. Kwa mapigo ya ziwani bado inabaki mbali mbele ya ile ngumu.

Metakrilati na poliyuretani

Gundi ya metakrilati naipenda kwa sababu inaisamehe faiba yetu. Boti nyingi huku ni za resini ya poliesta, ambayo epoksi haiishiki bila msasa wa kweli. Metakrilati huingia kidogo kwenye uso wa poliesta na kushika hata pale maandalizi hayakuwa kamili. Nyingi hunyumbuka makumi ya asilimia, hazibanduki kirahisi, na huweza kujaza pengo la milimita kadhaa. Ubaya wake: harufu inaumiza kichwa, mvuke wake unashika moto, na muda wa kuifanyia kazi ni dakika tu. Ukiwa peke yako na taruma la mita 3, itakukaukia kabla hujafika mwisho. Uwe na msaidizi.

Poliyuretani ndiyo ile mafundi wa magari wanayobandikia vioo vya mbele. Megapaskali zake ni chache, na kwa namba za kopo ingekuwa ya mwisho. Lakini huwekwa kwa unene wa milimita 3 hadi 5, na huvutika kwa mamia ya asilimia. Joto ambalo chini yake hugeuka ngumu kama kioo liko mbali chini ya sifuri, kwa hiyo hata ikipigwa haraka inakaza kidogo tu na kubaki mpira. Kuunganisha sitaha na mwili wa boti, ambako sehemu mbili hujipinda kila moja kivyake, sijaona cha kuishinda. Lakini kwa kuwa inakubali kucheza, usiitegemee peke yake kwenye ubao wa tezi (ubao wa nyuma ya boti) unaobeba moteri: moteri itautikisa mpaka mashimo yote yaanze kuvuja. Hukauka kwa unyevu wa hewa, kama milimita 3 kwa siku, basi boti uliyoibandika jana usiishushe leo majini.

Pigo hupiga hapa, huumiza pale

Kabla ya boliti, jambo moja linaloeleza kwa nini taruma langu liliachia ndani huku nje pakiwa pazima.

Pigo huingia kama wimbi la kubana, likikimbia ndani ya faiba kwa kilomita kadhaa kwa sekunde. Likifika uso wa upande wa pili, hurudi likiwa limegeuka kuwa wimbi la kuvuta. Mhandisi Bertram Hopkinson alilionyesha hilo kwa fimbo ya chuma mwaka 1914: apiga ncha moja, kipande kinaruka kutoka ncha nyingine. Herbert Kolsky akaiboresha fimbo hiyo mwaka 1949, na mpaka leo maabara hupimia kwayo gundi na kompositi (nyuzi zilizoshikwa na resini, kama faiba yetu) kwa mwendo wa pigo la kweli. Faiba na gundi huvumilia kubanwa kuliko kuvutwa. Kwa hiyo upande uliopigwa hubaki mzima na kiungo cha upande wa pili ndicho kinachofunguka. Abiria wanaona mchubuko, wanapanda.

Tena mara nyingi si gundi inayoachia bali faiba yenyewe. Kompositi ina nguvu kwa urefu wa nyuzi, lakini kati ya tabaka na tabaka kuna resini tupu. Gundi kali mno iliyofika ncha kwa ghafla hulichana tabaka la juu na kuondoka nalo, kama gamba la muhogo. Ukikuta nyuzi za kioo zimebaki kwenye gundi, jua gundi ilifanya kazi yake na sehemu dhaifu ni matabaka. Kununua gundi kali zaidi hapo ni kutupa pesa. Kinachotakiwa ni kubadilisha umbo la kiungo.

Boliti peke yake

Wazee wa kazi wanaoamini boliti hawajakosea. Boliti haijali vumbi wala unyevu wa asubuhi, inafunguliwa, inakaguliwa kwa macho. Na kwenye pigo ina adabu moja ambayo gundi haina: haiondoki kimyakimya. Faiba inayozunguka tundu hupondeka kidogo kidogo, tundu linakuwa yai, unasikia mlio wa nyuzi zikikatika, na muda wote huo nishati inaliwa.

Lakini kila tundu limekata nyuzi. Chuma kikizidiwa kando ya tundu hunyumbuka na kugawana mzigo. Faiba haijui hilo, mkazo hubaki umekusanyika pale pale. Tena likija pigo la kuvuta, boliti yenye washa ndogo hupita ndani ya faiba kama kidole kwenye karatasi iliyolowa. Weka washa pana, kaa mbali na ukingo angalau mara tatu ya kipenyo cha boliti, na ziba kila tundu kwa resini kabla ya kupitisha boliti ya inoksi (chuma kisichoshika kutu). Tundu lisilozibwa kwenye ubao wa tezi wenye mbao ndani ni mlango wa maji, na ubao uliooza haungoji pigo.

Vyote viwili

Wengi hufikiri gundi na boliti pamoja ni nguvu mara mbili. Sivyo. Gundi ngumu na nyembamba ni kaidi kiasi kwamba hubeba karibu mzigo wote, na boliti zinakaa tu, kwa sababu haziwezi kubeba mpaka sehemu mbili zisogee kidogo, na gundi hairuhusu zisogee. Ni kama machela yenye wabebaji wawili, mmoja kamba yake imelegea. Mhandisi L. J. Hart-Smith wa kampuni ya ndege ya Douglas, Marekani, alilieleza hili zamani kwa viungo vya ndege.

Basi kwa nini niziweke? Kwa sababu ya hatua ya pili ya ajali. Gundi ikipasuka, ufa unakimbia mpaka kwenye boliti, na boliti inayozibana sehemu mbili hairuhusu zibanduke. Ufa unasimama hapo na boti inarudi nyumbani. Wakaguzi wa ndege wana mawazo hayo hayo: mwongozo wa 2009 wa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kuhusu kompositi unataka kiungo cha gundi ambacho kuachia kwake kungeangusha ndege kiwe na njia ya kuthibitisha usalama wake, na njia mojawapo ni kuwa na maumbo yanayozuia ufa usienee kupita kiasi. Hao ni watu ambao kanuni zao zinataka ndege ya abiria igongwe na ndege wa kilo 1.8 kwa mwendo wa safari na bado itue salama.

Kwa hiyo boliti za nyongeza sizitawanyi kila mahali. Naziweka karibu na ncha za kiungo, ambako ufa huanzia, chache. Na nikitumia gundi nene inayonyumbuka, hapo ndipo gundi na boliti huanza kweli kubeba pamoja.

Umbo kabla ya gundi

Tangu hesabu za watafiti Volkersen mwaka 1938, na Goland na Reissner mwaka 1944, inajulikana kuwa kiungo cha kupandisha kimoja juu ya kingine hakibebi sawasawa: ncha mbili zinaumia, katikati pamepumzika. Ukirefusha mpishano mara mbili hupati nguvu mara mbili. Tena kwa kuwa vipande viwili haviko kwenye mstari mmoja, ukivivuta hujipinda na ncha hubanduka. Kubanduka ndiyo kifo cha gundi. Kwa pigo la ghafla ni zaidi.

Chonga ncha ya kipande iwe nyembamba, acha gundi iliyojaa pembeni ibaki na mteremko badala ya kuifuta safi, na kwa kuziba tobo chonga mteremko wa 1 kwa 12, yaani faiba ya milimita 5 inataka mteremko wa milimita 60. Kwa taruma, baada ya gundi, jaza kona kwa mviringo kisha laza matabaka ya kitambaa cha kioo yanayopanda taruma na kushuka kwenye mwili wa boti, kila tabaka likienda mbali kuliko la chini yake. Ningelazimishwa kuchagua kimoja, gundi bora au kona iliyolazwa vizuri, ningechukua kona.

Nachagua hivi

Mataruma na viimarisho vingine vya ndani: epoksi iliyotiwa mpira au metakrilati, na matabaka juu. Epoksi ngumu siitumii tena hapo. Ubao wa tezi: epoksi ya mpira pamoja na boliti za inoksi zenye bamba pana nyuma. Sitaha na mwili: poliyuretani nene, boliti au riveti kwa nafasi. Vishikio vya kamba za gati: boliti zinazopita hadi bamba la ndani, kwa sababu kamba huvuta kwa mshtuko kila wimbi. Epoksi ngumu imebaki na kazi kwangu: kujaza, kugundisha viti na makabati, vitu vyenye mzigo tulivu.

Na unene wa gundi uangaliwe. Ukiibana epoksi mpaka itoke yote, umebaki na kiungo kikavu. Mimi hulaza vipande vya uzi wa nailoni wa kuvulia, wa milimita 0.3, kati ya nyuso mbili, ndipo nabana. Uzi unazuia nyuso zisigusane.

Msasa namba 80 mpaka mng'ao wote uishe, futa vumbi, asetoni kwa kitambaa safi, si kile cha jana. Vumbi letu jeusi la lava ni laini na hurudi upesi, hivyo usipige msasa asubuhi ukagundisha jioni. Jaribu kwa maji masafi: yakitandaa kama shuka, uso uko tayari, yakijikusanya matone, bado kuna mafuta au nta. Kausha vizuri. Na ukilaza epoksi juu ya epoksi iliyokauka usiku wa unyevu, utaona utelezi kama wa sabuni juu yake. Osha kwa maji na sponji ngumu, kisha msasa.

Boti ile ya mchubuko niliirudia taruma kwa taruma. Kabla ya kurudisha sakafu niligonga kila kiungo kwa sarafu ile ile, nikachora kwa penseli ndani ya mwili wa boti mahali penye sauti nzuri na mahali penye shaka. Baada ya safari yake ya kwanza kwenda Bukavu na kurudi, mwenyewe akapiga simu: "Fundi, nikuletee lini ugonge tena?" Nikamwambia aje asubuhi, kabla upepo haujaanza, ili nisikie vizuri.